Binti wa kidato cha pili aliyekuwa anaona waliokufa: niliyoyashuhudia nikiwa metroni wa shule ya bweni, Tanga

Metroni Mstaafu

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Nyuzi za majini na mizimu nazisoma zote, nyingine nacheka, nyingine zinaninyima usingizi. Juzi ililetwa mada ya wanafunzi kuanguka mapepo, watu wakajibizana mpaka wakafika kwenye wazazi wa wenzao. Nikaona basi, na mimi niseme langu. Shule siitaji, wilaya siitaji. Binti mwenyewe simtaji, leo ni mama wa watu na heshima zake. Tumwite Bi Mkubwa, maana ndivyo wenzake walivyomwita bwenini.

Shule ilikuwa ndani ya shamba la zamani la mkonge. Watu wa Tanga hili haliwashangazi, kwetu ukitembea kidogo tu unakutana na milingoti. Bweni la pili lilikuwa ghala la marobota ya singa, nyuzi za mkonge, enzi hizo: kuta nene, madirisha yako juu, mlango wa mbele wa kuingilia na wa nyuma mpana kupita kiasi, ule waliokuwa wanatolea mzigo. Nyuma yake uwanja wa netiboli, kisha vichaka, kisha mabaki ya kambi.

Bi Mkubwa alihamia kwetu katikati ya mwaka akitokea Pangani. Alilelewa na bibi yake, na kwa maelezo ya kwenye fomu bibi ni "mkulima", lakini watu wa Pangani waliokuwepo shuleni walijua huyo bibi ni fundi wa ngoma za pepo na sifa zake zimevuka mto. Binti mwenyewe mkimya, mwembamba, hesabu anaziweza.

Siku ya kwanza nikampa kitanda. Deka ya mwisho, chini, karibu na mlango wa nyuma. Vitanda vya chini wasichana wanapigania, wewe mwenyewe uliyesoma bweni unajua. Akakikataa. Akaomba cha juu, katikati. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, kwa adabu kabisa, "Metroni, pale wanapita."

Nani wanapita?

"Watu wa kazini."

Nikaacha. Lakini nikawa namwangalia. Alfajiri kabla ya kengele, wenzake wamelala, yeye anashuka taratibu, anazivuta ndoo za maji zilizoachwa njiani na kuzisukuma chini ya vitanda. Kila siku. Nikamuuliza tena. Akasema wakijikwaa wanakasirika, na wana visu. Hapo nikaketi naye kwenye tranka lake nikamwambia, haya mwanangu, nieleze unachokiona.

Akanieleza kama mtu anayeeleza foleni ya maji. Wanaume. Wamejifunga magunia kiunoni. Mikono ina makovu meupe mpaka kwenye viwiko. Wanaingia mlango wa mbele, wanatokea wa nyuma, mmoja nyuma ya mwingine. Na kila mmoja ameng'ata kwa meno kikaratasi kigumu, kwa sababu mikono imejaa.

Wakuu, babu yangu alikata mkonge. Nilishakiona kipande chake, ile kadi ya kazi, ndani ya kopo la majani ya chai. Kina alama za meno pembeni.

Naenda kuswali, narudi na usiku wenyewe.

Kibuyu Kikavu

Chai hii. Tena ya tangawizi. Manamba, wale vibarua wa mkonge, wapo kwenye historia ya sekondari, uchumi wa kikoloni, kila mtoto anasoma. Binti kasoma, kakuta ghala, akili yake ikafanya kazi. Hilo la alama za meno umeongeza mwenyewe ili tusisimke.

Metroni Mstaafu

Kibuyu, kopo lipo kwa mdogo wangu. Sitabishana nawe, endelea kunywa.

Mzee wa Ngomeni

Mimi nimezaliwa kambini, ngoja niwape vijana picha, maana wengi mnadhani mkonge ni mmea wa asili wa Tanga. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika Tanga imebaki hai 62 tu. Shamba zote mlizoziona zimetokana na hiyo 62. Miaka ya 1960 mwanzoni Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Sasa nani alikata? Wenyeji hawakutaka hiyo kazi, walikuwa na mashamba yao. Wakaletwa watu wa mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni, Wabena, watu wa Ruanda-Urundi, Wamakonde kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandikisha, SILABU, magari yanazunguka mikoani yanabeba vijana. Kila mmoja anapewa namba, ndiyo manamba. Na kipande kina nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku nyapara anakutilia alama. Mshahara ni mpaka kipande kijae. Ukiugua katikati, shauri yako. Ukifa umebakiza alama mbili tatu, nani atakwenda Kigoma kuulizia haki yako?

Walizikwa nyuma ya kambi. Kaburi bila jiwe. Mengine yalilimwa baadaye, nimeona kwa macho yangu trekta likipita juu.

Kwa hiyo mimi simshangai binti. Namshangaa aliyeweka bweni la watoto pale.

Mtoto wa Makorora

Metroni rudi, ubani umeshawaka huku.

Metroni Mstaafu

Nimerudi.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Kidato cha pili wanakaribia mtihani wa taifa, maji ya bomba yamekatika, tunachota mtoni, watoto wamechoka na wana hasira. Usiku baada ya prepo, taa za jenereta zimezimwa, nimewasha karabai napita kukagua. Msichana wa kidato cha kwanza, mdogo wa umbo, akapiga ukelele, "Ananipiga! Ananipiga!" anajikuna mgongo kama anatoa siafu. Kabla sijamfikia, wa pili. Wa tatu. Bweni lote likaripuka.

Nimeshaona watoto wakianguka mapepo shule nyingine. Huwa wanakimbia, wanabingirika, wanataka kutoka nje. Hawa hawakukimbia. Walishuka vitandani wakapanga mstari. Mmoja nyuma ya mwingine, kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, mikono wameikunja mbele ya kifua kama waliobeba mzigo, na vinywa wamefumba kwa nguvu, meno yanasagana unayasikia. Mwalimu wa zamu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia viatu vyake tu, kisha mlango.

Waliobaki na fahamu walijirundika pembeni wanalia. Bi Mkubwa akashuka kutoka deka ya juu. Akajifunga kanga kifuani, akaja mpaka kwangu akaniuliza kama nina ubani. Nikamwambia nina udi kidogo chumbani. "Na makaa?" Makaa yalikuwepo ndani ya pasi, nilikuwa nimetoka kunyoosha. Basi akaifungua pasi, akauweka udi juu ya makaa, akaishika kwa mpini na moshi unamtoka usoni, akatembea pembeni ya mstari hadi mlango wa nyuma. Pale mlangoni alisimama yule mdogo wa kidato cha kwanza. Yeye peke yake hakuwa kwenye mstari. Alikuwa ameshika fimbo ya ufagio, anawatazama wenzake.

Bi Mkubwa akapiga goti kidogo. Akasema, "Shikamoo."

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitetemesha kuliko yote.

Yule mdogo akajibu, sauti nzito, ya mtu aliyevuta tumbaku miaka mingi. "Marahaba." Akaulizwa jina, hakutaja. Akaulizwa anatoka wapi, akapiga ufagio sakafuni. Akaulizwa, "Unataka nini kwa watoto wa watu?" Akasema, "Hesabu haijatimia."

"Hesabu ilifungwa, mzee," Bi Mkubwa akamwambia. "Wazungu wameondoka. Shamba limetaifishwa."

Mtaniwia radhi, hata mimi pale, na hofu yote ile, nilitaka kucheka. Lakini yule mdogo hakucheka. Alimrukia. Ufagio ulimpata Bi Mkubwa begani, akayumba, makaa mawili yakaanguka sakafuni. Mtoto wa miaka kumi na mitano. Hakurudi nyuma. Aliiweka pasi chini, akanigeukia, "Metroni, daftari la majina."

Daftari la kuitia majina ya bweni lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari ukutani. Nikampa. Akaanza kusoma kwa sauti ya kawaida kabisa, kama dada wa bweni siku ya Jumatatu. Jina, la baba, la ukoo. Wale waliojikunyata pembeni wakawa wanaitika, "Nipo." Wa kwenye mstari hawakuitika. Akiita asipojibiwa anarudia. Anarudia tena. Mara ya tatu au ya nne unaona shingo inalegea, meno yanaachia, kisha kasauti kanatoka, "Nipo," na mtoto anakaa chini palepale, anaangalia mikono yake. Akaenda hivyo hadi ukurasa wa mwisho. Jina la mwisho lilikuwa la yule mdogo wa mlangoni. Akaliita mara nyingi mno. Alipoitika, sauti ilikuwa yake, na akaomba maji.

Bi Mkubwa akafunga daftari, akamwambia yule asiyeonekana, "Wametimia." Kisha akatapika.

Kibuyu Kikavu

Nakiri unajua kusimulia. Nauliza tu: kuna mwingine aliyeona, au mwalimu shahidi ndiye yule wa viatu?

Nesi wa Zamu

Kibuyu ngoja, mimi naamini kila neno la metroni na siamini mizimu hata mmoja.

Mmesahau Kashasha? Januari 30, 1962, shule ya bweni ya wasichana ya misheni kule Kashasha, upande wa Bukoba. Wanafunzi watatu wakaanza kucheka. Kucheka tu, na kulia, hawawezi kujizuia. Katika wasichana 159 wakashikwa 95, walimu hakuna hata mmoja. Machi 18 shule ikafungwa, watoto wakarudishwa makwao, wakaenda nayo. Kijiji cha Nshamba watu 217 wakacheka. Shule ikafunguliwa Mei, ikaanza upya, ikafungwa tena. Damu zilipimwa, chakula kikachunguzwa, hakuna sumu, hakuna virusi. Hakuna aliyekufa. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa wiki chache tu, watoto wamewekwa kwenye nidhamu ya misheni, wazazi wanasubiri makubwa kutoka kwao. Mwili ulisema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa.

Na haiambukizi hovyo. Inapita kwa anayemwona mwenzake na kumsikia. Ndiyo maana nilipofika kwenye daftari nilisimama kwenye kiti. Mtu aliyezama namna ile unamwita kwa jina lake, taratibu, humpigi, humwagii maji, unarudia mpaka arudi. Wodini tunafundishwa. Huyo binti alifundishwa na nani?

Mtoto wa Makorora

Alifundishwa na bibi yake, nesi. Kupunga pepo si kupigana kama kwenye sinema. Unamkaribisha, unamfukizia, unamuuliza yeye nani, ametoka wapi, ana shida gani. Pepo wa Kimasai atataka shuka jekundu na mkuki. Kibuki, wale wa Unguja wenye asili ya Bukini, yaani Madagaska, anataka brandi, na muumini wa watu ambaye hajawahi kuonja anainywa mchana kweupe. Rohani anataka mambo safi, udi, maji ya waridi. Kinyamkera huyo anakuja na kimbunga, hana adabu. Mkishaelewana anapewa chake kwenye chano, anatulia. Mwingine haondoki kabisa, mnaishi naye, na mwenye kichwa anakuwa kiti chake maisha.

Lakini hapo ndipo panaponitia shaka, metroni. Fundi hafanyi peke yake. Ana wasaidizi, ana wapiga ngoma, ana mizizi yake. Na mtoto ambaye hajatawazwa kuingia mbele ya pepo mkali bila kinga, hilo bibi yake asingeliruhusu.

Metroni Mstaafu

Umesema kweli kabisa, na bibi aliposikia alikuja kwa basi la kwanza. Hakumgombeza mjukuu. Alinigombeza mimi. Udi kwenye pasi! Pasi iliyonyoosha nguo za ndani za watu! Aliniambia yule pepo angekuwa na cheo kidogo tu angetuua wote kwa dharau ile. Alikuja na chetezo chake ndani ya kikapu, akafukiza bweni upya tangu mwanzo, na muda wote hakunitazama.

Ila kabla bibi hajafika, yalitokea ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nilete uzi huu. Usiku ule haukuwa na hatari kubwa. Hatari ilikuja asubuhi, imevaa suti.

Kiliitishwa kikao. Makamu mkuu, mchungaji mmoja, ustaadh mmoja, wajumbe wa bodi, na wazazi waliokuwa karibu. Hakuna aliyeuliza watoto wamekula nini, wamelala saa ngapi, maji yamekatika tangu lini. Swali lilikuwa moja: nani kawatuma?

Tulikuwa na mlinzi. Mzee wa Kiha, baba yake aliletwa na magari yale aliyoyasema Mzee wa Ngomeni, yeye akazaliwa hapohapo kambini, hakuwahi kuiona Kigoma. Mkewe alishafariki. Anakaa peke yake kwenye nyumba ya kambi iliyobaki. Usiku anaota moto wa kuni getini, kwa hiyo macho yake mekundu mwaka mzima. Na wakati wa vurugu mtoto mmoja alisikika akilia, "Mlinzi! Mlinzi!" Mimi nilikuwepo, mtoto alikuwa anaomba msaada. Kikao kilisikia kingine.

Wakamleta Bi Mkubwa. Bega limevimba, homa imempanda, wakamkalisha kwenye kiti katikati ya ofisi. Mzee mlinzi kasimamishwa mlangoni, kofia mkononi. Makamu akamwambia binti, "Wewe una macho. Tuambie, ni huyu?"

Dirishani wazazi wamejaa. Mmoja nilimwona na panga, la kufyekea, sawa, lakini nani anakuja na panga kwenye kikao cha shule?

Akasema, "Hapana."

Wakamuuliza tena, kwa upole. Wakamwambia asiogope, atalindwa. Akasema hapana. Mmoja wa bodi akapandisha sauti: kama anaona vya usiku, ashindwe vipi kuona mwenye kuvituma? Au anashirikiana naye? Atafukuzwa shule, bibi yake atashitakiwa. Mtoto analia, kamasi zinamtoka, anatetemeka. Usiku mbele ya yule wa ufagio hakutetemeka hata kidogo.

Akajifuta kwa upindo wa kanga. Akasema, "Mimi nawaona waliokufa. Huyu yu hai, mnamwona wenyewe."

Akanyamaza. Wakamuuliza kila namna, hakufungua mdomo tena mpaka mkuu wa shule alipofika kutoka mjini na kuvunja kikao.

Wakili Pekupeku

Huyo binti aliokoa watu na jela pia. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu mkoloni, 1928. Kumtaja mtu hadharani kuwa ni mchawi ni kosa. Kenya nao wana yao ya 1925. Makamu wako na bodi yake walikuwa wanamshawishi mtoto atende kosa, mbele ya mashahidi.

Na macho mekundu yamemaliza vikongwe wetu Shinyanga na Mwanza. Bibi amepikia moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe miaka 50, macho yatakuwaje? Mganga anapiga ramli, anaelekeza upande, usiku watu wanakwenda na mapanga.

Mtu wa Wete

Sisi Popobawa, lile pepo la usiku, alitufundisha. 1995, mwezi wa Ramadhani, alianzia kwetu Pemba akavuka Unguja. Watu tulilala nje, uwanjani, ukoo mzima umekaa pamoja na moto unawaka, kwa sababu ilisemekana anawaingilia walio peke yao ndani. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka mikeka imepangwa mpaka kwa jirani. Wenye elimu wanasema ni jinamizi: umeamka lakini mwili haujaamka, kifua kizito, unaona kivuli. Sawa. Lakini mjini Unguja watu walimpata "Popobawa" mwenyewe, wakampiga wakamuua. Alikuwa mgonjwa wa akili kutoka bara. Popobawa hakuua mtu mwaka ule, nijuavyo mimi. Tuliua sisi.

Ustaadh wa Mtaa

Assalaam alaykum. Nataka kumjibu ustaadh wa kikao kile, maana kanitia aibu. Majini tunayaamini, yamo ndani ya Qur'ani. Kuzingua, yaani kumsomea aliyepagawa, tunazingua, kombe tunaandika kwa zafarani, Ayatul Kursi tunasoma. Lakini jini akitaja jina la mtu husimamishi hukumu juu yake. Yule shetani aliyemfundisha Abu Hurayra Ayatul Kursi, Mtume (s.a.w.) alisema amesema kweli naye ni mwongo mkubwa. Ikiwa hata akisema kweli bado ni mwongo, utamchinja jirani yako kwa ushahidi wake?

Mwanahistoria Njaa

Kuna binti mwingine wa rika hilohilo ambaye alisikilizwa sana. Nongqawuse, Mxhosa wa Afrika Kusini, kama miaka 15, mwaka 1856, pale mto Gxarha. Alisema amekutana na wageni, watu wa kale, wamemwambia ng'ombe wote wachinjwe na pasilimwe kitu, kisha wafu watafufuka na Wazungu watafagiliwa baharini. Ng'ombe walikuwa wanakufa tayari kwa homa ya mapafu iliyoingia na meli. Sasa tazama: binti alisema, lakini aliyebeba maneno kwenda kwa machifu ni mjomba wake, Mhlakaza. Mfalme Sarhili akayakubali. Wakachinja kama ng'ombe 400,000, na njaa ikaua watu wanaokadiriwa 40,000. Gavana George Grey akavuna ardhi na vibarua. Lawama mpaka leo anabebeshwa msichana.

Wa metroni alikuwa na bahati ya kujua pa kunyamaza. Au bibi yake alimfundisha na hilo.

Kibuyu Kikavu

Mwanahistoria umenigusa. Hapo sina utani.

Mama Pacha

Samahanini nikiingilia. Nina binti wa miaka 13, tangu mwaka huu uanze anasema kuna mwanamke anasimama kwenye korido akienda kulala. Harusi hakuna, msiba hakuna, hatujahama nyumba. Mama mkwe anataka tumpeleke kijijini akasomewe. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu

Mama, pole. Anamwona wakati gani hasa? Akiwa anasinzia au akiamka, mara nyingi ni usingizi tu na unapita. Akiwa macho kabisa, na kabla yake anasikia harufu ya ajabu, au tumbo linampanda, au anakodoa macho hasikii ukimwita, mpeleke hospitali kubwa wakampime umeme wa ubongo. Kuna kifafa kisichoangusha mtu chini. Kule Mahenge watoto wengi wenye kifafa walifichwa ndani miaka na miaka ikidhaniwa ni pepo, mpaka daktari mmoja wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alipofungua kliniki yao kuanzia miaka ya 1960. Dawa zipo, na si ghali. Na muulize taratibu, mkiwa wawili tu, kama kuna mtu nyumbani au shuleni anayemtisha.

Metroni Mstaafu

Mama Pacha, msikilize nesi. Ukimaliza na nesi, mama mkwe naye mpe nafasi ya kusoma dua, haitamuumiza mtoto. Ila asiulizwe "nani".

Namalizia kwa wanaouliza yaliyofuata. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa vitendo. Siku chache baadaye alimwita mzee mlinzi amwonyeshe makaburi yalipo. Mzee aliyajua yote, moja moja, alikuwa akiyapalilia kimyakimya miaka yote bila kumwambia mtu. Tulifyeka. Padri akasoma yake, sheikh akasoma yake, kwa sababu nani anajua manamba yupi alikuwa nani. Mlango wa nyuma wa bweni ukazibwa kwa matofali. Bi Mkubwa alipouona umezibwa aliudhika, akasema sasa wazunguke wapi? Mwaka uliofuata watoto wakaanguka tena, wachache, dada wa bweni akachukua daftari bila kuambiwa.

Mzee mlinzi alistaafu, akafia mikononi mwa watu waliomheshimu. Bi Mkubwa alimaliza kidato cha nne akaenda chuo. Tunawasiliana. Niliwahi kumuuliza kama bado anawaona, akaniambia, "Mama, ukishazoea unawapisha tu." Ni mhasibu.

Mtoto wa Makorora

Mhasibu! Hesabu zimetimia.

Mzee wa Ngomeni

Metroni, nimekutumia ujumbe wa faragha. Kama ni shamba ninalolidhania, mjomba wangu yupo nyuma ya uwanja huo wa netiboli.

Kibuyu Kikavu

Mimi bado nasema watoto walikuwa na njaa na kiu, wakapagawa. Ila metroni, hilo kopo la majani ya chai, mdogo wako akiridhia, kipigie picha hicho kipande ukiweke hapa. Sitaki kubisha. Nataka kuona alama 30 zilikuwa zinatiwaje.